Maksai wa Fanuel na Miti ya Kashinje

Kijiwe chetu ni gogo moja na benchi mbili mbele ya kibanda changu cha kuziba pancha, katika kijiji kimoja cha bondeni Momba, kando ya barabara inayopanda kwenda Tunduma. Asubuhi Shaban anakuja na birika la kahawa na jiko lake la mkaa, na watu wanakaa. Wa kudumu ni wawili. Abdul tunamwita Transit, kwa kuwa alikuwa dalali wa malori pale mpakani kabla hajaja huku kununua ufuta, na mpaka leo anamsalimia kila mtu kwa "mulishani" kama bado yuko na Wazambia. Raphaeli tunamwita Hakimu. Hajawahi kusikiliza kesi yoyote, ila hakuna jambo ambalo hajalitolea hukumu. Asubuhi ninayoisimulia alikuwepo pia Fanuel, ambaye si mtu wa vijiweni. Alikaa mwisho wa benchi, panga limelala magotini, kahawa hakuigusa.

Jana yake maksai wake alikuwa amekufa kwa nyuki. Fanuel alikuwa na jozi moja tu ya kulimia, na mawingu ya mvua za kwanza yalishaanza kujikusanya. Sasa alibaki na mmoja, na ng'ombe mmoja havuti plau. Yule aliyekufa alikutwa amelala kando ya miti ya Kashinje, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka michache iliyopita.

Miti hiyo ilikuwa imesemwa sana. Kashinje aliyazungushia malisho yake miti ya kaliandra na lusina, akapanda migunga katikati, na vichaka vya porini akaviacha viote. Watu walimcheka, kwamba mfugaji gani anapanda maua. Yeye alieleza kuwa ng'ombe watapata majani kiangazi, na maua yatavuta nyuki na vipepeo, ambao wakitoka hapo wataingia kwenye mashamba ya jirani na mazao yatazaa vizuri. Nyuki walikuja kweli. Hilo la mazao hakuna aliyejisumbua kulifuatilia.

— Miti yenyewe mnaikata lini? Transit aliuliza.

— Leo, Fanuel alijibu. Vijana wanakuja, tunakutana hapa hapa.

Transit akasema ni vizuri, maana mtu akishapanda miti ya kudumu, ardhi imeshakuwa yake. Leo ni uzio, kesho anakwambia mpaka wako uko kule kwenye mto. Hakimu akasema hayo ni madogo. Akatuuliza kama tumewahi kusikia ng'ombe wa Kashinje ameumwa na nyuki, hata mmoja. Hatukuwahi. Basi, akasema, nyuki wale wamefugwa kwa jasho la mwenyewe, wanamjua yeye na zizi lake, mwingine yeyote ni adui. Ni walinzi wale.

Transit hakutaka kupitwa. Akasimulia kwamba ng'ambo ya mpaka kuna watu wananunua hewa ya miti, na kijiji kikishauzwa hewa yake wenyeji wanahamishwa. Hakimu akaitikia kwa kichwa, akaunganisha hapo hapo. Wanaanza na maksai, akasema. Mkikosa cha kulimia hamlimi, msipolima mnaondoka wenyewe, wala hawahitaji kuwafukuza.

Nilikuwa nakwangua tyubu ya baiskeli, nikamtazama Fanuel. Alikuja pale na majonzi ya ng'ombe wake. Kila walipoongeza neno, uso wake ulikuwa unakaza, na kidole gumba kinapita taratibu kwenye makali ya panga. Vijana walipofika, na mapanga yao na dumu la petroli, hawakukaa. Walisimama nyuma yake wakimsubiri anyanyuke.

Kashinje akatokea kabla hajanyanyuka.

Alikuja peke yake, anavuta maksai mwekundu kwa kamba. Jicho moja lilikuwa limeziba kwa uvimbe, mikono imevimba mpaka vidole havikunjiki. Akasimama hatua chache kutoka kwenye benchi, akasalimia. Shaban peke yake ndiye aliyeitikia.

— Fanuel ndugu yangu, Kashinje alisema, huyu ameshafundishwa plau. Mchukue. Miti niachie.

— Mmesikia? Hakimu alisema. Amekiri.

Shaban, ambaye siku zote anamimina tu na kunyamaza, akauliza kwa sauti ya chini, kama nyuki wanamjua mwenyewe, mbona wamemfanya vile. Hakimu akasema uvimbe wa aina ile mtu anaweza kujitengenezea. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mwenye petroli alishazunguka akasimama nyuma ya Kashinje, na Shaban akalisogeza jiko lake mbali naye.

Fanuel akanyanyuka.

— Unaninunua?

— Hapana.

— Unaninunua mbele za watu.

Kashinje alikuwa ameishika kamba ya ng'ombe kwa ile mikono iliyovimba, anatazama chini. Niliweka tyubu pembeni. Niliona wazi kwamba neno moja tu likikosewa, damu itamwagika mbele ya kibanda changu.

Hapo ndipo Germana, mke wa Fanuel, alipofika. Alikuwa ametoka shambani, miguu ina vumbi mpaka magotini, anahema. Alipita katikati ya wale vijana kama hawapo, akasimama mbele ya mumewe.

— Baba Enesi, maboga yangu yalikuwa yanachanua na kupukutika. Miti ile ilipoanza kutoa maua, yakaanza kushika. Umeyala wewe mwenyewe. Ukiichoma, umechoma na shamba langu.

— Ng'ombe wangu amekufa, Fanuel alisema.

— Najua amekufa. Nimemwangalia vizuri leo, ulipokuwa umeshaondoka. Shingoni ngozi imechunika pande zote.

Kisha akatugeukia sisi tuliokaa, Transit, Hakimu na mimi, akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

— Ng'ombe akiumwa na nyuki anakimbia. Huyu nani alimfunga?

Transit akamtazama Hakimu. Tulikuwa tumeuza kijiji kizima na hewa yake asubuhi ile, na hilo hatukuwa tumejiuliza. Kijana wa petroli akaliweka dumu chini.

— Mimi, Fanuel alisema mwishoni.

Alieleza akiwa bado amesimama, maneno yanatoka kwa shida. Majani yameisha kila mahali, maksai wamekonda, na kulima kumekaribia. Alfajiri ya jana yake alimwingiza mmoja kwa Kashinje, akamfunga kwenye mti ili ale kaliandra, akapanga kumtoa kabla mwenyewe hajaamka. Ng'ombe alivutana na tawi, na kwenye tawi kulikuwa na kundi la nyuki, yeye akakimbia.

— Lakini alikutwa hana kamba, Transit alisema.

— Niliikata mimi, Kashinje alisema. Nilimsikia analia. Nilijifunika blanketi nikaenda, ila nilichelewa.

Germana akamuuliza kwa nini hakusema. Kashinje akajibu kwamba yeye ni mtu wa kuja. Angesema Fanuel aliingia kwake, lingegeuka kuwa jambo la wenyeji na wageni, na jambo la namna hiyo likianza haliishii kwa watu wawili. Aliona afadhali apoteze maksai.

Fanuel akaketi. Panga lilimtoka mkononi likaanguka vumbini, hakuliokota. Vijana walianza kuondoka, kwanza mmoja, kisha wote, na miti haikukatwa siku ile wala baadaye.

— Siwezi kumchukua, Fanuel alisema.

— Basi mkopo, Kashinje alisema. Lima naye, msimu ukiisha unirudishie. Na majani ukiyataka, njoo mchana, ubishe hodi.

Fanuel aliitazama ile kamba, mkono haukunyanyuka. Germana ndiye aliyeipokea. Alisema "asante, shemeji", akamgeuza maksai, akashika njia ya nyumbani. Baada ya kitambo mumewe akanyanyuka, akamfuata kwa nyuma, mikono mitupu.