Goti Langu Zima

Nawasalimu nyote, mliotoka msikitini na mliotoka kanisani, maana hapa Dubai Ijumaa ni yetu sote. Nashukuru kwa chai. Wiki tatu zilizopita niliambiwa zamu ya kusema ni yangu, nikasema nina mafua. Nikaletewa limau. Wiki iliyofuata nikasema nina shifti, kumbe mtu ameshazungumza na supavaiza wangu. Basi nimeshikwa, na nimesimama.

Kimo changu mnakiona. Mlango wa hii fleti nimeinama kuupita. Kimo hiki ndicho kilichonipeleka Marekani. Nyumbani Voi nilicheza mpira wa kikapu shuleni, chuo kimoja kidogo kule kikanipa nafasi ya kusoma na kucheza. Nilipofika, kocha wa mchezo mwingine kabisa akanitazama juu mpaka chini kama mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe, akaniomba nihamie kwake. Ndio ule mpira wao wa umbo la yai, wanaoucheza wamevaa kofia ngumu.

Ndugu zangu, bila kuuelewa huo mchezo hamtaelewa nilianguka wapi, kwa hiyo naomba hivyo vikombe. Msijali, nitavirudisha. Hivi vitano vikubwa nimevipanga mstari. Hao ni majitu, kazi yao ni kuzuia tu. Nyuma yao hiki cha kioo ndiye mrushaji. Yeye hushika mpira na kutafuta wa kumrushia, na anapotafuta hawezi kuona mgongo wake. Kule mbali pembeni ni wembamba wawili, wao hukimbia na kudaka. Mimi nilisimama hapa, mwisho wa mstari wa majitu. Wanapaita taiti endi.

Taiti endi ana mguu mmoja jikoni na mwingine sebuleni. Mara azuie kama jitu, mara akimbie adake kama wale wembamba. Tena kuna mpango mmoja ambao kocha hakuamulii. Anakwambia tazama nje kwanza, yaani pembeni. Akija adui kutoka upande wako kumvamia mrushaji, baki umzuie. Asipokuja, kimbia, mpira utakufuata. Unaamua mwenyewe, na muda wa kuamua ni wa kupepesa jicho. Nilifundishwa hivi: kazi yako ni kubaki, kudaka ni marupurupu.

Nilikuwa hodari wa kubaki, nasema kweli. Mrushaji wetu nilikaa naye chumba kimoja miaka miwili. Alijifunza kula ugali wangu wa unga wa dukani kwao, ule usioshikana, akausifu kwa adabu. Mama akipiga simu, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuidaka: "Shikamoo, Mama." Mama alikuwa akicheka mpaka anasahau alichopigia.

Lakini Mama alikuwa na dukuduku moja. Mechi zetu zilionyeshwa mtandaoni, naye alikuwa akienda saiba pale mjini na shangazi zangu, wanalipia kompyuta moja, wanabanana mbele yake. Kila baada ya mechi swali ni lile lile. "Mwanangu, mbona hupewi mpira? Wanakuchukia?" Nikimweleza habari za kuzuia anasema, "Sawa," kwa ile sauti ya mzazi anayejua mtoto anaficha aibu. Mnaijua.

Basi ikafika mechi moja. Mama aliniambia safari hii watakuja na majirani, na mwalimu wangu wa zamani. Nikamwambia mrushaji wetu tukiwa tumeinamiana kwenye duara kabla ya mchezo: leo Mama anaangalia na watu. Duara zima likacheka, wakanipiga piga mabegani.

Ukaitwa ule mpango niliowaeleza. Nikatazama nje. Nikamwona.

Nirudie hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipodanganya kwa miaka. Nilimwona. Adui alikuwa anakuja, mabega chini, moja kwa moja upande wangu. Nikajiambia sijamwona, nikakimbia. Mpira ukanifuata, ukapepesuka hewani, nikaudaka kwa vidole, nikavuka mstari wa bao. Nikaruka, nikageuka kuwatafuta wenzangu wanikumbatie. Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wamepiga magoti kule nyuma, wamemzunguka mtu mmoja aliyelala chini.

Lilikuwa goti la mrushaji wetu. Hakucheza tena.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Jumatatu tulikaa kutazama video ya mechi kama kawaida, kocha akaisimamisha pale kichwa changu kilipogeukia nje. Akaiacha hapo hapo, akatoka chumbani. Mimi nami nikatoka, nikapita hospitali alikolazwa rafiki yangu, nikafika mpaka getini, nikageuza. Kesho yake nikageuza tena. Siku ya tatu sikwenda kabisa. Muhula haukuisha, nikarudi Kenya.

Nyumbani nitasema nini? Nikasema nimeumia goti. Ndugu zangu, niliiba hata jeraha la mtu. Mama akalia, akapasha mafuta ya nazi, akawa ananisugua goti zima kila asubuhi huku akilisemesha kama mtoto mchanga. Nami nikawa nakunja uso kana kwamba naumia. Katika haya yote niliyofanya, hilo la mafuta ndilo linalonichoma zaidi.

Wakala akanipatia kazi ya ulinzi hapa. Nilidhani Dubai nitatembea kama kawaida, yalla, maisha mapya. Kumbe kambi ya wafanyakazi, chumba nilichopangiwa, kuna mtu wa kwetu anayemjua Mama. Akaniuliza goti linaendeleaje. Basi nikaendelea kuchechemea. Ukichechemea kwa uongo mwezi mzima, mguu unazoea, unafika mahali hujui tena wa kweli ni upi.

Nikapangiwa jengo moja la ofisi na kliniki Oud Metha, ghorofa kumi na nne. Walinzi mnajua kazi hiyo: mmoja anakaa mapokezi, mwingine anazunguka ghorofa zote kwa ngazi za dharura, akigusisha kile kidude chetu ukutani kila ghorofa ili ofisi ijue amefika. Mwenzangu wa shifti alikuwa dada mmoja wa Uganda. Jina simtaji, lakini akiendelea kuinamisha uso hivyo mtamjua. Siku ya kwanza aliniona navuta mguu, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, wewe kaa. Mimi nitapanda." Nikakaa. Nikakaa mwaka mzima, yeye akapanda mizunguko yake na yangu.

Kuna Ijumaa kampuni ikatutuma sote wawili kulinda uwanja wa kukodi, kule karibu na Al Twar. Mimi nikae getini, yeye akae upande wa vyumba vya kubadilishia nguo. Wanafunzi wa chuo fulani cha hapa wakaja kufanya mazoezi, na walichokitoa kwenye mfuko ni ule mpira wa yai. Sikuwa nimeuona tangu nilipotoka kule. Nikasema sitazami, nikatazama.

Mpira mmoja ukawaponyoka, ukapita juu ya vichwa vyao ukija upande wa geti. Mikono haikuniuliza. Nilikimbia, wakubwa, nilikimbia na viatu vya kazi, nikaruka, nikaudaka kwa mkono mmoja. Wale vijana wakanishangilia. Nikageuka na meno yote nje, nikakutana na uso wa dada. Alikuwa amesimama, hakupiga makofi.

Nilikuwa nimewahi kugeuka hivyo mara moja tu maishani.

Alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, akavua viatu, akavua soksi, akaweka miguu yake kwenye saruji. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Sikuwa nimewahi kuitazama. Akaniuliza bila ukali, "Ssebo, mguu umepona lini?"

Akasema, "Mimi nilikuwa napanda ngazi yako. Nilikuwa naomba Mungu kwa goti yako."

Angenishtaki kwa supavaiza ningekuwa kwenye ndege, na angekuwa na haki. Hakunishtaki. Siku tatu nilipanda zamu zote, zangu na zake, bila kuambiwa. Siku ya nne mchana akaniletea chai na chapati pale mapokezi, akavuta kiti. "Sasa niambie," akasema. "Nani mwingine ulimkimbia?"

Nikamwambia yote, kama nilivyowaambia nyinyi leo, ila kwake nilitumia vibandiko vya wageni badala ya vikombe. Alipoelewa aliye nyuma ni nani, akakichukua kibandiko cha mrushaji, akakishika mkononi. "Mpigie."

"Nitasema nini?"

"Sema kitu ulifanya. Halafu nyamaza. Usimwombe kitu."

Ilinichukua wiki mbili kuitafuta namba yake na wiki nyingine kupata moyo. Nilimpigia nikiwa ngazini, ghorofa ya tisa, saa ya mapumziko. Hapa alasiri, kule ndio wanaamka. Aliitika. Nikamwambia, ni mimi. Nilimwona yule mtu anakuja, nikakuacha. Kisha nikakuacha tena hospitali. Halafu nikanyamaza kama nilivyoagizwa.

Akasema la goti alishalimaliza. Ambalo hajalimaliza ni la mlango. Alilala wodini siku nyingi, na kila mlango ulipofunguliwa alinyanyua kichwa akidhani ni mimi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, ndugu zangu, nami nikashika chuma cha ngazi.

Nikajua sasa anakata, khalas. Ndipo akauliza, "Mama aliona?"

Sikuelewa. Akasema, "Ile siku. Ulisema anaangalia na watu. Aliona ukidaka?"

Nikamwambia aliona. Walipiga vigelegele mpaka mwenye saiba akawafukuza. Akacheka kidogo, akasema basi vizuri.

Nililia pale ngazini mpaka madam mmoja wa kliniki akafungua mlango, akanipa tishu na kunishika bega. Nadhani alifikiri nimepewa majibu mabaya ya daktari. Sikuweza kumwambia kwamba yalikuwa mazuri.

Mama nilimpigia jioni ile ile. Nilimweleza la goti lake rafiki yangu, na la goti langu. Akanilaumu kwa mengi ambayo ni haki yake, mwisho akasema, "Na mafuta yangu utayalipa." Nikajua nimebaki kuwa mwanawe.

Siku hizi natembea kwa miguu yote miwili. Asubuhi za Ijumaa nikiwa sina shifti nawafundisha wale vijana wa chuo. Jambo la kwanza ninalowaambia taiti endi wao ni wageuke wamtazame vizuri mrushaji wao usoni, wajue ni nani atakayeumia wakikimbia. Rafiki yangu na mimi tunazungumza, si kila nikipiga anashika, na hilo nimelikubali.

Namshukuru yeye kwa kuitika. Nawashukuru nyinyi mlionikaribisha hapa bila kuniuliza nilikuwa nani. Na wewe dada, miguu yako naiomba radhi mbele ya watu. Kesho ukae, na keshokutwa.

Nililojifunza ni dogo. Mnaobaki, mnaoosha watoto wa madam ili mama yao aende kazini, mnaosimama milangoni Al Rigga ili wengine wapite, msidhani hamjapewa mpira. Na wewe unayemwona mtu anakuja kumwumiza mwenzako, usijiambie hujamwona.

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia mechi moja ya zamani, ambamo sikugusa mpira hata mara moja. Nikamtumia Mama. Nikamwambia safari hii usiufuate mpira, nifuate mimi. Alikwenda saiba peke yake, akaitazama mpaka mwisho, akanipigia.

"Kumbe siku zote ulikuwa pale," akasema. "Nimekuona, mwanangu."

Haya, vikombe vyenu hivi. Mimi ndiye nitaviosha.