Mikwaruzo Ile Niliichora Mimi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mkiitika, itikeni polepole, maana sikupanda hapa madhabahuni kupigiwa vigelegele. Nimepanda na hasira. Kwanza ni hasira juu yangu mwenyewe, na hiyo haijaisha. Lakini leo nimewaletea na fungu lenu.

Mnanijua. Mimi ni Paluku, naosha magari kule chini ziwani. Mengi ya magari yaliyopangwa nje ya kanisa hili yamepita mikononi mwangu. Mnapenda kazi yangu kwa sababu inang'aa. Basi leo niwaambie siri ya kung'aa kule: ni mazuti, dizeli ileile ya malori! Nilikuwa nachovya kitambaa kwenye mazuti, napaka gari lote, linawaka kama limetoka dukani leo. Kesho kutwa vumbi lote la Goma limenasa juu yake, na mwenye gari ananirudia. Nilidanganya rangi za magari yenu kabla sijaanza kudanganya watu.

Kando yangu alikuwa akiosha Mama Furaha, mjane aliyetoka Vitshumbi baada ya kumzika mume wake. Mnamjua, aliimba hapa kwenye kwaya, mstari wa pili. Yeye alikuwa na ndoo mbili, eponji laini na kopo la nta. Hagusi gari mpaka amelimwagia maji toka paa hadi magurudumu. Halafu sabuni, halafu maji tena. Analikausha kivulini, ndipo anapaka nta kidogo kidogo kwa kitambaa cha pamba. Gari moja, asubuhi nzima! Sisi wanaume tulimcheka. Tulimwuliza kama anaosha gari ama anabatiza mtu.

Sasa mlima wetu wa moto ukatumwagia majivu, na siku iliyofuata Papa Muhindo, mzee wetu wa kanisa, alikuwa anaoza binti yake. Asubuhi akaniletea gari la kumbeba bibi arusi. Gari jeusi, limepigwa rangi mpya, na juu yake majivu tupu. Alitaka liwe tayari upesi. Mimi nikaona uvivu wa kushuka hadi ukingoni kuchota maji. Nikachukua kitambaa kikavu.

Mama Furaha akaniona, akaacha ndoo yake.

"Papa Paluku, usipanguse kavu! Mwaga maji kwanza, majivu ianguke yenyewe. Hii majivu iko na meno."

"Mama, fanya kazi yako," nikamjibu.

Nikapangusa, mkono unazunguka, unazunguka. Nilisikia majivu yakisaga chini ya kiganja changu. Nilisikia, ndugu zangu! Nikaendelea. Nilipoona rangi imechunika, nikamwaga mazuti juu, mikwaruzo ikafichika, na bibi arusi akaenda kanisani anapungia watu mkono.

Mazuti hayana urafiki wa kudumu. Yalikauka, jua likapiga, na Papa Muhindo akaona gari lake lote limejaa mistari ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Alikuja ziwani na watu wa kanisa nyuma yake.

"Nani alishika motokari ya harusi ya mutoto wangu?"

Kidole changu hiki, hiki mnachokiona, kikainuka.

"Ni ule mama, muzee. Yeye njo alishika."

Sikusema neno lingine. Halikuhitajika! Mengine mlijaza ninyi. Mlisema mjane, mume amekufa, mkono mbaya. Mlisema mistari ile ni kucha za mchawi na ndoa ya mtoto itavunjika. Mlirusha ndoo zake juu ya mawe ya volkano zikapasuka. Mlimtoa kwenye kwaya, mkamtoa mlangoni hapo akiwa na Biblia mkononi. Kisha mkaja kuliombea gari. Gari! Mkaliwekea mikono, na mimi nikaitika amina kuwashinda wote. Aibu yangu! Amina ile bado inanikaa kooni.

Bwana hakuniacha nilale juu ya uongo wangu. Jumapili moja tunatoka ibadani, jua kali, mtu akaona mistari ileile kwenye kapo la gari la Pasta, pale juu ya injini. Mama Furaha hakuwa ameligusa. Wakati huo alikuwa anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni Kituku. Gari hilo nililiosha mimi, kwa kitambaa kilekile. Lakini ninyi mlisema anakuja bila kuonekana. Na mmoja wenu, yuko hapa, ameinamisha kichwa, akasema: "Twende tumutafute Kituku!"

Mnajua kundi likimwendea mwanamke hivyo katika mji huu, harudi mzima. Mlijua. Na mlianza kutembea.

Hapo Bwana alinishika shingoni. Sisemi nilikuwa shujaa, mimi ni mwoga. Majivu yalikuwa bado yamelundikwa kando ya ukuta. Nikachota konzi moja, nikamwaga juu ya kapo la Pasta, nikapangusa kavu mbele ya macho yenu. Mkono ukazunguka, na mistari ikatokea, mmoja ndani ya mwingine. Nikapiga kelele: "Muangalie! Hii njo kucha! Mulozi munayemutafuta ni miye!"

Na hapo mzigo ulinitoka, ndugu zangu. Nililia kama mtoto. Haleluya!

Jioni ileile nikaenda Kituku, nikapiga magoti kwenye vumbi la makala, nikamweleza yote. Hakuniinua. Aliendelea kupanga makala yake, akauliza:

"Ulisema vile mbele yao?"

"Ndiyo, mama."

"Na bo, wale watu, walisema nini?"

 Hamkusema kitu, ndugu zangu! Mlijipangusa, mkaenda nyumbani kula sombe. Hiyo ndiyo hasira niliyopanda nayo hapa. Shetani alinishika mimi kwa uongo, na ninyi amewashika kwa kunyamaza, na siwezi kusema ni mshiko upi mwepesi.

Nilimnunulia ndoo mbili. Amerudi ziwani, na mimi namchotea maji, ananifundisha nta. Mazuti sigusi tena. Magari yenu mnamletea, naona. Papa Muhindo, samahani muzee, uliliweka lako mikononi mwake siku nne ili aitoe ile mistari. Lakini ulimtuma dereva. Hukushuka kumsalimu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika uongo. Angeweza kuniacha niiue roho ya mtu kwa kidole kimoja, hakuniacha. Kama yuko hapa anayebeba neno ambalo angepaswa kulisema, amwamini Bwana, aliseme leo. Utaogopa, kisha utapumua.

Na Mama Furaha amekuja. Nilimwomba, amefika hadi getini, amekaa juu ya jiwe. Anasema Mungu hakumtoa mlangoni hapa, ni watu walimtoa, basi watu waje wamrudishe. Anayemwamini Bwana asiniinulie mikono. Ainuke kwa miguu. Mimi nashuka sasa, napita katikati yenu. Papa Muhindo, nipe mukono, muzee. Twende tumulete.