Mama Futa Akabidhi Meza ya Mifano

Tarehe 30 ya mwezi uliopita, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhandisi mkuu wa kitengo chetu cha programu za mfano alirudisha kitambulisho chake getini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Jina lake kamili liko ofisi ya utumishi kwa anayelihitaji. Kwetu sisi ni Mama Futa, na ndivyo nitakavyomwita hapa, maana nikimwita vinginevyo nusu ya wasomaji watauliza ni nani huyo.

Afisa utumishi aliniomba wasifu huu uwe wa furaha. Nimejitahidi. Lakini mimi ni mjaribu wa vifaa. Kazi yangu kutwa ni kuchomeka nyaya, kuzichomoa na kuandika kilichoharibika, na mtu wa kazi hiyo hana mazoea ya kushangilia. Tena nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na sita, na sasa ninaandika huku meza yake tupu ikinitazama. Mnisamehe mkiona furaha inapwaya.

Wenzetu wa ghala na uhasibu wamekuwa wakiuliza siku zote mle chumbani tunafanya nini. Kampuni yetu inauza chipu ndogo, zile zinazokaa ndani ya mizani, printa za risiti na vipima joto. Ili kifaa chenye chipu hiyo kielewane na kompyuta kwa waya wa USB, kinahitaji programu ngumu kidogo, na sisi tunaitoa bure, imeshaandikwa. Inaitwa maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja. Sasa anayeanza hawezi kupewa maktaba hivi hivi akajua pa kuishika. Anataka kwanza aone kitu kidogo kinafanya kazi, akiige, kisha akigeuze polepole mpaka kiwe chake. Kitu hicho kidogo ndicho mfano, na mifano yote ya maktaba yetu, tangu ule wa kwanza, iliandikwa na Mama Futa.

Jina la Futa alilipata kwa haki. Mfano, alikuwa akisema, ufanye jambo moja, lionekane, uishe. Chochote kinachoweza kuondolewa kiondolewe. Ukimpelekea kazi yako aikague, ilirudi imekonda. Mhandisi mmoja alinuna wiki nzima baada ya kurudishiwa theluthi moja ya alichopeleka, halafu akaona yenyewe inafanya kazi vizuri zaidi, akakubali yaishe. Hata tangazo la chooni halikupona. Lilikuwa na aya mbili kuhusu usafi na ustaarabu wa mfanyakazi. Alipita na kalamu yake, likabaki na maneno mawili: Mwaga maji.

Mfano wa kipanya ndio ulioleta kisanga. Ukiuchomeka, kompyuta inadhani imepata kipanya, na kishale kwenye skrini kinaanza kuzunguka duara taratibu bila kuguswa na mtu. Siku moja bodi ya majaribio, kibao kidogo chenye chipu, iliyobeba mfano huo ilisahaulika nyuma ya kompyuta ya meneja wa zamani. Bwana yule alitazama kishale kikizunguka asubuhi nzima, akajiona ana kizunguzungu, akaomba ruhusa ya kwenda hospitali. Alipimwa presha, akapewa vidonge, akaambiwa apumzike. Mchana Mama Futa akaichomoa bodi kimyakimya, na meneja aliporudi akatutangazia kwamba dawa za siku hizi zinafanya kazi haraka.

Ule wa flashi ulikuwa mpole. Ulionekana kama flashi ya kawaida yenye faili moja tu, na ndani ya faili hilo aliandika: "Ukiweza kusoma hapa, umefaulu. Nenda nyumbani." Wanafunzi wa vyuo wametuandikia mara nyingi kushukuru kwa maneno hayo, kwamba yaliwakuta wameshakata tamaa. Yeye mwenyewe hakuyafuata hata siku moja, na hilo lilimgharimu kama nitakavyoeleza.

Mfano uliompa umaarufu, na uliomtesa, ni ule wa mazungumzo. Chochote unachokituma kwenye waya unakurudishia, neno kwa neno, wala hauchoki. Kila kifaa kikichomekwa sharti kijitambulishe kwa kompyuta kwa jina, na Mama Futa alihitaji jina. Wakati huo bintiye alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Masomo yakiisha aliletwa ofisini, akakaa chini ya meza ya mama yake na rangi zake za kuchorea, akaongea. Wazee wa kitengo wanasimulia kwamba aliongea na watu, aliongea na viti, na watu wakitoka kwenda kula aliongea na feni. Nyumbani baba yake alimwita Chiriku. Basi mama naye akaliandika jina hilo kwenye mfano wa mazungumzo, Chiriku, kwa utani tu.

Maelezo ya juu kabisa ya mfano huo yanasema waziwazi: kabla hujauza kifaa chako, badilisha jina. Watu hawasomi. Wenye viwanda waliuchukua, wakaubandika ulivyo, wakauza. Ndiyo maana hadi leo ziko mizani za dukani, mashine za tiketi na vipimo vya hospitali ambavyo vikichomekwa kwenye kompyuta, skrini inaandika: "Chiriku, tayari." Tumeulizwa na watu wa kila namna huyo Chiriku ni nani. Zahanati moja ilidhani ni kirusi, ikaifungia mashine nzima kabatini. Mama Futa alimjibu kila mmoja kwa ufupi uleule: mwambie aliyekuuzia abadilishe jina. Ila yeye hakulibadilisha. Sisi tuliozoea kuona kalamu yake ikifyeka kila kitu tulishangaa neno lile, ambalo halikuwa na kazi yoyote pale, likipona toleo baada ya toleo.

Mimi sababu niliijua kwa kuwa nilikaa naye.

Miaka tisa iliyopita mumewe aliugua, akalazwa. Ilikuwa wiki ya kutoa toleo kubwa la maktaba, na mfano wa mazungumzo ulikuwa umegoma kwenye kompyuta za aina mpya. Mchana binti akapiga simu: baba anakuulizia. Mama akamjibu, "Namalizia hiki kidogo tu, nakuja." Nilimwona akisema hivyo, macho yako kwenye skrini. Hakuwa na ubaya wowote. Alidhani muda upo. Mfano ukatengemaa, akachukua mkoba akakimbia. Alipofika wodini, kitanda cha mumewe kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Baada ya mazishi binti alisema maneno machache mbele ya shangazi zake. "Hiyo maktaba ndiyo uliyoizaa, mama. Kaa nayo." Akafungasha, akaondoka. Tangu hapo hapigi simu, na akipigiwa hapokei. Mtoto aliyekuwa akiongea hadi na feni akanyamaza kabisa. Kinachojulikana, kwa kupitia shangazi mmoja, ni kwamba anafanya kazi ya maabara katika hospitali fulani ya mbali, na kwamba ni mzima.

Na maabara zimejaa mashine ndogo za kupimia, nyingi za bei ya chini, na nyingi ya hizo zina chipu zetu ndani. Mama Futa aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakunywa chai. "Siku moja atachomeka mojawapo. Ataliona jina lake. Sijui atasema nini, lakini atajua kwamba sikumfuta." Nikaenda kusuuza kikombe.

Mwaka huu uongozi umetoa waraka. Kitengo kinafungwa, mifano itaandikwa na ofisi nyingine kwa mtindo mmoja, na katika toleo letu la mwisho majina ya watu na utani wote viondolewe. Siupingi. Una mantiki yake, na zahanati nyingine haitalazimika kuifungia mashine kabatini. Sentensi ya flashi nayo imekwenda na maji. Nilijitolea kulifanya badiliko la mfano wa mazungumzo mimi, asilione. Akakataa katakata. "Niliandika mwenyewe," akasema, "nitafuta mwenyewe."

Alilifuta jina Jumatano asubuhi kama alivyokuwa akifuta vyote, bila kusita, kisha akanipa bodi niijaribu. Nikaichomeka. Skrini ikaandika: "Kifaa cha Mfano Namba Mbili, tayari." Aliisoma. Halafu akasema, "Inafanya kazi," akaenda kunawa uso. Mimi nikajaza taarifa ya majaribio kwamba hakuna kasoro. Nimejaza taarifa nyingi katika maisha yangu, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Hafla ya kumuaga ilifanyika Ijumaa katika chumba cha mikutano. Soda zilikuwa za vuguvugu, hotuba zilikuwa ndefu, na mwishoni akakabidhiwa saa kubwa ya ukutani. Sijui nani aliona kwamba saa inamfaa mtu asiye tena na mahali pa kuwahi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa sentensi moja, akaketi. Wengine walicheka, wakasema ndiye yeye. Mimi sikucheka.

Nilimsindikiza hadi getini, maana mlinzi ndiye anayepokea vitambulisho vya wanaoondoka. Mashine yake ya kusoma kadi ikagoma kama ilivyo desturi yake, akaichomoa, akaichomeka tena. Nilikuwa nimeegemea dirisha lake, nikaona skrini ikiandika: "Chiriku, tayari." Kiwanda kilichotuuzia sisi wenyewe mashine kiliiga mfano wetu na hakikubadilisha jina, na sisi wahandisi hatukujua miaka yote hiyo, kwa kuwa skrini ile inamtazama mlinzi peke yake.

Mlinzi wetu mnamfahamu, maneno hayamuishi. Akaanza. "Huyu Chiriku kila asubuhi lazima anisalimie, Mama. Sijui hata ni nani."

"Ni mwanangu," akasema Mama Futa.

"Kumbe! Yuko kitengo gani?"

"Hayuko hapa. Hata simu hapigi."

Mlinzi akavua kofia, akawa hajui aiweke wapi. Mama Futa akamwomba aichomoe mashine na kuichomeka tena, kama haitamsumbua. Akafanya hivyo. Jina likatokea mara ya pili. Mama Futa alilisoma akiwa amesimama palepale, midomo ikichezacheza bila sauti, kisha akaweka kitambulisho dirishani, akakumbatia ile saa, akatoka. Nilirudi chumbani nikakuta amezima swichi za upande wake kama siku nyingine yoyote.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea nyumbani, kwani hakuna karatasi iliyowahi kutoka kitengo chetu bila kupita mikononi mwake. Ilirudi imefyekwa. Amefuta "hodari", amefuta "nguzo ya kampuni", amefuta aya nzima ya tuzo alizopata, nami sikuthubutu kurudisha chochote. Kilichonitia hofu ni habari za binti. Pembeni ya aya zile nilikuwa nimeandika kwamba akitaka niziondoe aseme tu, nitaelewa. Hakukata hata herufi. Chini ya maneno yangu aliandika neno moja: "Acha."

Kwa hiyo nimeacha. Na kwa kuwa jarida hili huwekwa kwenye tovuti ileile ambako watu hupakua maktaba, naomba niseme na msomaji mmoja kabla sijamaliza. Chiriku, mimi ni yule mjaribu uliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ni kama ya mtu anayewasha na kuzima taa kutwa. Ulikuwa sahihi. Mashine zilizokwisha kuuzwa hakuna awezaye kuzibadilisha sasa. Zitaendelea kulitaja jina lako mpaka zife moja moja. Mpya hazitalitaja. Ukiwahi kuliona kwenye skrini ya maabara yenu, usidhani ni kirusi, wala usidhani ni bahati mbaya. Lilikaa pale kwa sababu yako. Mama yako siku hizi yuko nyumbani kutwa, na namba yake haijabadilika.

Mama Chiriku, maana ndivyo ulivyoitwa kabla sisi hatujakubandika jina jingine, ahsante. Ahsante kwa mifano, kwa wote walioanzia mikononi mwako bila kukujua, na kwa kunivumilia na nyaya zangu sakafuni. Kitengo kizima, ambacho hadi kitakapofungwa mwishoni mwa mwezi ni mimi peke yangu, kinakuombea afya njema, siku za utulivu, na simu moja.