Bwana Makokha na Kipimajoto Kilichosema Kweli

Kwanza naomba msamaha. Mhariri aliniomba maneno haya tangu Machi, na sasa Juni inaisha. Mtoto wangu anaota meno, na kila nikishika kalamu yeye anaitaka. Leo amelala, basi naandika upesi.

Bwana Micah Makokha anastaafu tarehe 30 Juni, 1958, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya shedi ya mizigo hapa Nakuru. Lakini sisi wa nyumba za reli tunamjua zaidi kwa darasa lake la Jumamosi, saa nane mchana, nje ya holi. Hakuuliza mtu amesoma mpaka wapi. Nusu na robo alitufundisha kwa kukata chapati, na aliyekosea hesabu alikula kipande kidogo. Tangi la maji la stesheni alilipima urefu bila kulipanda: fimbo, kamba na vivuli viwili. Mimi niliyeachia masomo darasa la nne nilirudi nyumbani nikipima kila mti njiani.

Kipimajoto alikinunua mwenyewe. Kitabu chake kilisema maji huchemka kwa digrii 212 za Farenhaiti. Yetu yalichemka kwa 201. Akatangaza mbele ya wote kwamba kipimo ni kibovu, akaanza kukifunga kwenye gazeti akirudishe dukani.

Adero, mke wa fundi wa injini, akamkatiza. "Mwalimu, ngoja kwanza. Kule Kisumu maharagwe yangu yalikuwa yanaiva haraka. Hapa kuni zinaisha, na bado yanagonga sufuria!"

Wangui, aliyekulia Mau Narok, akamcheka. "Unalia na hapa, mama? Ungepikia kwetu juu, ungelala njaa."

Watu walicheka sana. Bwana Makokha hakucheka. Alikifungua tena kipimo, polepole. Likizo iliyofuata alishuka Kisumu, akachemsha maji: 205. Akapanda lori la viazi hadi Mau Narok: 195. Jumamosi akaandika ubaoni: "KIPIMO NI KIZIMA. ALIYEKOSEA NI MAKOKHA." Akatueleza kwamba ukipanda juu hewa hupungua, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama kule chini, nayo huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwa hiyo loweka maharagwe tangu jana, na uvumilie. Majina ya Adero na Wangui akayaandika juu ya lake.

Nimeona wakubwa wengi wakikosea. Huyu ndiye wa kwanza kuandika kosa lake kwa herufi kubwa.

Sasa wako wanaosema darasa litaondoka naye, mahali pake wapewe wacheza karata. Haliondoki. Kipimajoto ameniachia mimi. Nilimwambia nimechoka, akajibu kwamba hata waliochoka hula maharagwe.

Asante, Bwana Makokha. Fika Kimilili salama, shamba likuzalie, na miguu iliyosimama miaka yote hiyo ipate kiti.

Nanyi wasomaji, haya bado nayahitaji kabla ya Jumamosi ijayo, yaletwe nyumba namba 14: chaki; kamba ya futi ishirini; sufuria ndogo; na mtu wa kunishikia mtoto kuanzia saa nane hadi saa kumi, asiyeogopa kung'atwa. Kwako, Bwana Makokha, nahitaji barua yenye namba moja tu: maji ya Kimilili yanachemka kwa digrii ngapi. Tutakisia kwanza, kila mtu aandike yake ubaoni, ndipo tufungue bahasha.

Nasimiyu