Twalib Hakuwa Mpiganaji

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Twalib Mwinjuma, kijana wa Mtoni Kijichi, Temeke. Alikuwa mwanafunzi. Narudia, mwanafunzi. Alikwenda ng'ambo kusomea uuguzi, vita vikamkuta hukohuko, na mwezi uliopita bomu likamuua akiwa kwenye foleni ya mkate.

Kijichi wanamkumbuka kwa vituko. Alimwigiza muuza samaki wa mtaani mpaka mwenyewe akacheka, akampa kibua cha bure.

Mama yake, Bi Tabu, alihofia baridi ya huko. Kabla mwanawe hajasafiri, alishinda soko la Tandika akichambua mitumba mpaka akapata koti zito la kijani, lenye mifuko tele. Twalib akalivaa palepale juani, jasho likimtiririka, ili mama afurahi.

Ndilo alilokufa nalo. Televisheni moja ya nje ikaonyesha picha yake amelala chini na koti lile, ikamwita "mpiganaji wa kigeni". Haikumuuliza mtu. Kwenye habari hiyohiyo, wenyeji waliokufa foleni ileile walitajwa majina, kazi zao, na watoto waliowaacha. Twalib wetu hakutajwa hata jina.

Video ya habari hiyo ikaingia kwenye magrupu ya mtaa. Msibani watu wakaanza kupungua, mmoja mmoja.

"Jirani alimwambia mama, 'Shoga, si ungetuambia tu kama mtoto kaenda kutafuta hela za vita?'" anasimulia Munira, dada wa marehemu. "Mama aliingia ndani, akalia mpaka sauti ikamkauka."

Bi Tabu mwenyewe alituambia hivi: "Koti nimelinunua mie. Mie ndiye niliyemvisha mwanangu uaskari."

Hapana, mama. Aliyemvisha uaskari ni yule aliyekaa kwenye kiyoyozi, mbali na foleni ile, akatangaza asichokijua. Na sie tuliosambaza. Inauma, jamani, inauma sana.

Kwa Bi Tabu, Munira na ukoo mzima, poleni mno. Nawe msikilizaji, ukitumiwa picha ya maiti iliyokwisha kupachikwa jina, fikiria kwanza kwamba mama yake naye ana simu.

Mwili haujarudi, wala haijulikani utarudi lini. Kesho Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Twalib atasaliwa akiwa hayupo, msikitini kwao Kijichi. Bi Tabu anaogopa hatatokea mtu.

Nendeni.