Mama Kalavati, Aliyekataa Kuyapunguza Maji

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kalavati kwa jinsi alivyofuatilia kila mfereji upitao chini ya barabara, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 katika nyumba ya bondeni, kifungua mimba wa seremala na mshonaji. Angali mtoto, mafuriko yaliingia ndani yakaondoka na cherehani ya mama yake. Watu wazima walisema ni kudra. Yeye akauliza mbona kudra haikupanda kwa jirani wa kilimani. Alichapwa kwa ajili ya ulimi huo, lakini ulimi haukupona.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1978 akaingia chuo kusomea uhandisi wa barabara, msichana peke yake darasani. Mkufunzi mmoja alimshauri ahamie ukatibu. Alimshukuru, akaendelea kukaa mbele hadi alipohitimu mwaka 1982.

Mwaka 1984 aliolewa na dereva wa greda. Kabla ya hapo, mama alikuwa amemwonya kazini asipite mahali fulani. Akapita, greda likazama. Baba anasema alishuka na matope hadi magotini, akamkuta mama amesimama na mwavuli, hasemi neno. "Bora angenicheka," husema mpaka leo. Posa ilifika greda likiwa halijaoshwa.

Katika ofisi ya barabara ya mji, kazi yake ilikuwa kupima ni barabara, shule na zahanati zipi zingefikiwa na mafuriko. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza maji yaliishia wapi. Huyu alionyesha dirisha, yule kitovu chake. Kisha alipaka ramani rangi: kijani kwa salama, njano kwa wasiwasi, nyekundu kwa hatari. Mwaka 2006 zahanati ya wazazi ilipopangiwa bondeni, aliipaka nyekundu pamoja na barabara yake. Mkuu wake alimwomba kwa upole aifanye njano, kwa kuwa jiwe la msingi lilikuwa limeshawekwa.

Mama akamjibu, "Rangi nitabadilisha, mkuu. Wewe nibadilishie maji."

Alihamishiwa stoo, kulinda mapipa ya lami. Zahanati ikajengwa palepale. Mama hakununa. Alimwendea mkunga mkuu, wakakubaliana kwamba maji yakigusa daraja la bondeni, lililojengwa chini mno, wazazi wapandishwe shule ya kilimani bila kusubiri ruhusa ya mtu. Kila mwaka kabla ya masika walifanya mazoezi, wakiwabeba majirani kwenye machela, na mtaa mzima ukiwacheka. Aprili 2011 maji yalifika madirishani. Vitanda vilielea vitupu. Mtoto mmoja alizaliwa darasani, chini ya ubao, na leo yuko hapa pamoja na mama yake.

Ofisi ilimwandalia tuzo. Alituma ujumbe kwamba hatakwenda kupigwa picha mpaka zahanati ihame. Ilihama mwaka 2014, na tuzo hakuifuata.

Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Hata wodini aliwauliza wauguzi mvua ikinyesha maji ya ua ule huelekea wapi, na mfereji ukazibuliwa. Siku zake za mwisho alimshika mkono binti yake mkubwa, akamwambia, "Msinisifu sana siku hiyo. Semeni daraja bado liko chini."

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2024, baba akiwa pembeni yake.

Basi tunasema, mama. Daraja bado liko chini, watoto wa shule wanalipita kila siku, na wenye dhamana wamekaa hapa mbele wanatusikia. Hatuongezi chumvi, wala hatupunguzi. Jumatatu asubuhi familia itakuwa mlangoni pa ofisi ya barabara, na atakayetaka kufuatana nasi anakaribishwa.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kiume, na mkunga mkuu, ambaye kwetu ni mama mdogo.

Mungu amlaze mahali pema, tena pa juu.