Bi Rafat Khatun, Aliyegusa Sikio Mbele ya Ukumbi Mzima

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha mavazi cha ukumbi wetu hapa Lucknow, Bi Rafat Khatun anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Pini zitabaki. Ulimi wake, kwa bahati mbaya, anaondoka nao.

Alianza kama mshonaji wa kibarua, akaajiriwa, akawa mkuu wa mavazi. Waigizaji wengi wakubwa wamewahi kusimama mbele yake wakiwa wamevuta tumbo ndani. Kuna mmoja, aliyeigiza nawabu, yaani mtawala wa zamani, alirudi kutoka likizo amenenepa kwa supu ya nihari, na Bi Rafat akamzunguka na futi yake bila haraka. "Mwanangu, nilipewa kitambaa cha kumshonea nawabu mmoja. Naona mmekuja wawili."

Lakini mwaka wetu mkubwa ulikuwa ule tulioigiza riwaya ya zamani ya Kiurdu kuhusu tawaifu, yaani mmoja wa wale waimbaji na wachezaji ambao mabwana wa mji huu waliwafuata usiku na kuwakana mchana. Bi Rafat alishona kila vazi la tamthilia ile. Wakati huohuo binti yake, Shagufta, alikuwa ameposwa na ukoo unaoheshimika sana, na wakwe watarajiwa walialikwa onyesho la kwanza. Walikaa safu ya pili.

Mwongozaji wetu, Bwana Mathur, aliiamini kalenda ya ukutani iliyosema mwezi utaandama kesho yake. Ukaandama jioni ileile. Muharram ikaingia watazamaji wakiwa wameshakaa vitini. Hapa kwetu mwezi huo wa maombolezo ukionekana, bangili zinavuliwa na hakuna anayetaka kusikia ngoma. Mlio mmoja wa njuga, na nusu ya ukumbi ingeinuka na kuondoka.

Bwana Mathur alitaka kuahirisha. Bi Rafat, sindano mkononi, akasema kwamba tawaifu wa kale nao walivua bangili usiku huo, wakavaa nyeusi na kusoma maombolezo ya mashahidi wa Karbala, basi tuwaoneshe hivyo.

"Na nani atasoma, Bi Rafat? Mwigizaji wetu mkuu, Tabinda, anajua kucheza tu!"

"Nitasoma mimi."

"Umejifunza wapi wewe?"

Aliomba shela jeusi.

Angeweza kusoma na kunyamaza, na sisi sote tungemsifu tu kwa sauti nzuri. Ila kwetu msomaji hafungui kinywa kabla ya kumtaja aliyemfundisha huku akigusa sikio, na kuliruka hilo ni kumwibia mwalimu. Nilikuwa pembeni, nimeshika kamba ya pazia, nikamwona akiitazama ile safu ya pili. Kisha mkono ukapanda sikioni. "Nimefundishwa na bibi yangu mzaa mama, Nazuk Jan, tawaifu wa mtaa wa Chowk." Akasoma. Wazee walilia waziwazi, nami nililia nao, na pazia nikasahau kulishusha.

Wakwe waliondoka bila kuaga. Posa ikavunjika kabla ya juma kwisha, na Bi Rafat akajifungia chumba cha mavazi akilia kwa kwikwi. Shagufta ndiye aliyemfungulisha mlango. Hata yeye hakuwahi kuambiwa habari za Nazuk Jan. Tulidhani amekuja kulaumu, na kweli alilaumu: "Mama, umenificha mama wa bibi yangu miaka yote hii kwa ajili ya watu hawa?" Halafu akakaa chini kati ya vitambaa, akataka afundishwe maombolezo yale toka mwanzo.

Onyesho lile la kuvua bangili halikuondolewa tena. Limezunguka nasi Delhi, Bhopal na Hyderabad, na wapo wanaokata tikiti kwa ajili yake tu. Shagufta aliolewa baadaye na mwalimu wa hesabu, mtu mcheshi, ambaye aliijua habari yote kabla ya kuleta posa. Siku hizi kinamama wa Chowk humwita binti huyo kuwasomea kila Muharram.

Bi Rafat, asante kwa kila kishikizo, na kwa kila karipio tulilostahili. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka, na wajukuu watundu wa kuwafokea. Nasikia Shagufta husoma akiwa amefumba macho, kama wewe. Kabla hajaanza, hugusa sikio lake na kutaja majina mawili.